Hivi gesi na mafuta vinaweza kumng'oa mtu kwenye ardhi aliyoichukua? (Crimea, halafu na haya mabomba yetu)

Mkazi wa Cheyo (Tabora)

Wakuu mwangaluka. Kijiweni kwetu jana pamechafuka, watu wamebishana mpaka kahawa imepoa kwenye vikombe na muuzaji kaondoka zake. Kisa ni Crimea. Kuna jamaa anasema Urusi ilipoichukua ile rasi 2014 Marekani walikuwa na silaha moja tu ya maana, siyo ndege wala vifaru, ni gesi, yaani wangeimwaga Ulaya kwa wingi Putin angekosa wateja na Crimea angeirudisha mwenyewe kwa adabu. Anaapa kwamba hata wakubwa wa bunge lao walisema hivyo hivyo. Mwingine akamwambia wewe unaota, mwenye gesi pale ni Urusi na ndiye anayewaminya wenzake.

Sasa mimi najiuliza, kweli kuna mahali mtu alishawahi kunyang'anywa ardhi kwa kufungiwa mafuta au gesi? Ama kuirudisha?

Halafu swali la pili ndilo linanihusu zaidi. Hili bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Tanga linakatiza mkoa wetu huu huu, kule Nzega na Igunga, na gesi ya Lindi nayo ipo chini huko inasubiri. Siku jirani akituletea za kuleta mpakani tutakuwa na koki ya kuminya, au ni bomba la watu tu limepita kwetu?

Naomba watu wenye data, ushabiki wa Urusi na Marekani tuwaachie wa mitandao mingine.

Mwanga Sokoni (Kigoma)

Marekani hana ubavu huo. Putin akifunga koki Ulaya wanalala na makoti. Mods fungeni uzi 😂😂

Gesi Siyo Maji

Mtu kakataza ushabiki wa kwanza kuingia kaingia nao, haya bwana.

Mkazi wa Cheyo huyo jamaa yako hajatunga. Machi 2014 Spika wa bunge lao John Boehner alimbana Obama aharakishe vibali vya kuuza gesi nje, na mabalozi wa Poland, Hungary, Czech na Slovakia nao waliandika barua kuomba gesi ya Marekani ije kwao. Kwa hiyo hoja ilikuwepo tena mezani. Tatizo ni kwamba walikuwa wanatishia kwa kitu ambacho bado hakijajengwa.

Gesi haichotwi kwa dumu. Kuivusha bahari lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri ndipo inakuwa kimiminika na ujazo wake unapungua mara kama 600, na hiyo ndiyo LNG tunayoisikia kila siku kwa habari ya Lindi. Mtambo wa kufanya hivyo ni mabilioni ya dola na miaka kadhaa ya ujenzi, ukimaliza hapo unahitaji meli maalum, na anayepokea naye awe na mtambo wa kuirudisha kuwa gesi. Mwaka 2014 Marekani bara, ukiacha kile kiwanda kidogo cha siku nyingi kule Alaska, hawakuwa na mtambo hata mmoja unaofanya kazi. Wa kwanza ulikuwa Sabine Pass, Louisiana, na meli yake ya kwanza imeondoka Februari 2016, miaka miwili nzima Crimea ishaingizwa kwenye ramani za Moscow. Na hiyo meli unajua ilikwenda wapi? Brazil 😂

Hapo ndipo watu wengi wanapita bila kuangalia. Kule gesi siyo mali ya serikali, ni ya makampuni, na kampuni inapeleka pale penye bei. 2014 bei nzuri ilikuwa Asia maana Japan walizima mitambo yao ya nyuklia baada ya Fukushima 2011 wakawa wananunua LNG kwa fujo. Rais wa Marekani hawezi kumpigia meneja simu akamwambia geuza meli nenda Ukraine umkomeshe Putin. Anachoweza ni kutoa au kunyima kibali, kwa sheria yao ya gesi ya tangu 1938 ambayo nchi zenye mkataba wa biashara huria na Marekani zinapita haraka na zisizo nao zinasubiri wizara ya nishati ijiridhishe, na Ulaya wala Ukraine hawakuwa na huo mkataba. Ukraine yenyewe haikuwa hata na mtambo wa kupokelea, na Uturuki haitaki kabisa kuona meli za LNG zikipita pale Bosphorus katikati ya jiji la Istanbul.

Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi, ni kitu kingine kabisa. Serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, akiambiwa funga anafunga. Januari 2006 waliifungia Ukraine, Januari 2009 wakaifungia tena kama wiki mbili katikati ya baridi, Bulgaria na Slovakia ambao hata ugomvi hawakuwa nao wakaganda. Kwa hiyo Mwanga Sokoni makoti yako yapo sahihi, ila subiri mwisho wake.

Mwana Kibirizi (Kigoma)

Mwakeye wote.

Nyie mnaenda mbali mpaka Louisiana wakati hii kitu imefanyika hapa hapa ziwani kwetu. Julai 1996 Buyoya kapindua Burundi, kabla mwezi haujaisha marais wa ukanda huu wakakaa Arusha wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo, Mwalimu akiwa ndiye msuluhishi. Mipaka ikafungwa, mafuta yakakatwa. Na kwa Burundi hiyo siyo mchezo maana haina bahari, haina kisima, kila lita inayochomwa pale Bujumbura imepita kwa mtu mwingine kwanza.

Nilikuwa bado mdogo ila nawakumbuka wazee wa mwaloni. Mchana mzigo wa dagaa usiku mzigo wa madumu, na waliojenga nyumba za bati kipindi kile mtaani tunawajua wala hatuwasemi. Nchi kavu nako Manyovu na Kasulu huko ni baiskeli na vichochoro. Mafuta yaliingia Burundi ile ile ila kwa bei ya magendo, na bei ya magendo mkubwa wa jeshi anaiweza, asiyeiweza ni yule mama aliyetaka gari limfikishe mgonjwa hospitali. Vikwazo vimekuja kuondolewa Januari 1999 na Buyoya yupo vile vile kwenye kiti.

Sisemi havikusaidia kabisa. Mazungumzo ya Arusha yalianza 1998 na mkataba ukasainiwa Agosti 2000, pengine bila kubanwa wasingekaa mezani. Ila kutoka "kukaa mezani" mpaka "kuachia ulichoshika" ni safari nyingine.

Mkazi wa Cheyo

Mwana Kibirizi asante, hii sikuijua kwa upande wa mafuta. Ila ile haikuwa ishu ya ardhi, ilikuwa ya kiti cha urais. Mimi nataka ya ardhi.

Mzee wa Reli (Tabora)

Vijana, ya ardhi ipo na ni ya Afrika Mashariki hii hii.

Mwaka 1976 mwanzoni Idi Amin alitoka akasema sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda kihistoria, Waingereza ndio waliikata, na alikuwa akiihesabu mpaka karibu na Nairobi. Kenyatta akasema hata inchi moja haitoki. Makuli wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na Amin akaanza kulegeza maneno. Halafu Julai mwaka huo huo, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, uhusiano ukachafuka tena na Kenya ikabana mafuta, ikataka Uganda ilipe madeni na ilipe kwa fedha ya Kenya. Jeshi la Amin lilikuwa na vifaru na ndege lakini vitu hivyo vinakunywa mafuta yanayopita Mombasa. Alipiga kelele sana, alitishia vita, Agosti wakapatana.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza, kumzuia mtu ASICHUKUE ardhi inawezekana, kama mafuta yake yote yanapita mlangoni kwako na hana njia ya pili. Lakini angalia, haikumtia adabu. Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo aliingia Kagera akatangaza ameichukua, na pale hatukumtoa kwa kufunga bomba lolote, sote tunajua alitolewa na nini.

Kuna ya pili ambayo wengi mnaisahau. Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wake wa walowezi kule Rhodesia (Zimbabwe ya sasa), Uingereza ikamwekea vikwazo vya mafuta. Matokeo yake? Smith naye akaifungia Zambia, maana mafuta ya Zambia yalikuwa yakipitia kwake. Asiyehusika ndiye aliyekaukiwa kwanza. Mafuta yakapelekwa Zambia kwa ndege, na kwa malori kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi ambayo ilikula watu, mpaka TAZAMA ilipoanza 1968, bomba la kilometa 1,710 kutoka Dar hadi Ndola. Waingereza walikuwa na manowari zinazunguka nje ya bandari ya Beira, Msumbiji, kuzuia meli za mafuta mwaka hadi mwaka, kumbe Smith anapata yake kupitia Afrika Kusini. Vikwazo vya mafuta 1965, utawala wake umekwisha 1979, na katikati hapo kuna vita vya msituni. Mimi hilo la TAZAMA naliona ndilo somo kubwa kuliko yote, kwamba ukimfungia mtu leo anaanza kuchimba mtaro wa bomba lake kesho.

Na Waarabu 1973 je? Walizuia mafuta kwa Marekani na Uholanzi kwa sababu ya Israel, ardhi yenyewe ikiwa Sinai ya Misri na Golan ya Syria ambazo Israel alizishika. Pipa lilitoka kama dola 3 likafika karibu 12 kwa miezi michache. Machi 1974 wakaifungulia Marekani. Sinai ilirudi Misri 1982 kwa mkataba wa amani, Golan mpaka leo haijarudi. Na sisi Tanzania tulikuwa tumevunja uhusiano na Israel Oktoba 1973, tupo upande wa Waarabu kabisa, bei tuliyolipa ilikuwa ile ile ya kila mtu. Walioendesha magari miaka ile waulizeni.

Mwanga Sokoni

Mzee shikamoo. Hapo kwa Amin umenimaliza.

Ila bado, Urusi aliwaminya Ukraine na walinyooka. Mnaogopa kusema.

Binti Gungu (Kigoma)

Hakuna anayeogopa kaka, ngoja tukupe na ushahidi wenyewe maana upo.

Aprili 2010 Ukraine ilikuwa hoi kifedha, Urusi ikawapunguzia bei ya gesi kama dola 100 kwa kila mita za ujazo 1,000, na wao wakaziruhusu meli za kivita za Urusi zibaki Sevastopol mpaka 2042. Yaani kodi ya pango la bandari ya kijeshi imelipwa kwa gesi. Na Sevastopol ipo wapi? Crimea. Kwa hiyo gesi ilifanya kazi yake KABLA ya wanajeshi kuonekana barabarani, iliwaweka pale kihalali. Desemba 2013 rais wao Yanukovych alipogomea mkataba na Ulaya akapewa bei ya zawadi, dola 268.50. Kaanguka Februari, Crimea imechukuliwa Machi, Aprili 2014 bei ikapandishwa mpaka dola 485 na Moscow wakasema lile punguzo la Sevastopol limekufa kwa sababu bandari sasa ni yetu, tukulipeni pango la nini. Juni wakafunga kabisa wakitaka malipo kabla. Mimi nikisoma hayo nasema huyu mtu anajua kuitumia koki kuliko Waarabu wote wa 1973.

Sasa njoo upande wa pili. Lithuania walikuwa wanategemea gesi ya Urusi peke yake, Oktoba 2014 wakaleta meli ya kupokelea LNG pale Klaipeda, wakaiita Independence, na Gazprom kwa kuiona tu inakuja alishawapunguzia bei mwaka huo huo. Yaani meli haijafunga kamba bado. Hapo ndipo naona jamaa wa Mkazi wa Cheyo ana chembe ya ukweli, gesi ya baharini haikumtoa mtu Crimea ila inamnyima mwenye bomba ule ujeuri wa "utanunua wapi".

2022 ndiyo picha kamili. Urusi imeingia Ukraine Februari 24, mwisho wa Machi Putin akataka gesi ilipwe kwa ruble, fedha ya Urusi, Aprili kawakatia Poland na Bulgaria, Mei Finland, halafu Nord Stream, bomba la kwenda Ujerumani, ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka Agosti mwishoni ikasimama. Bei Ulaya ilipita euro 300 kwa megawati saa, na kabla ya hapo walizoea kama 20. Watu waliumia kweli, viwanda vilifungwa. Lakini hawakuachana na Ukraine. Wajerumani ambao kwa miongo hawakuwa na gati hata moja ya LNG, Desemba hiyo hiyo wamefungua Wilhelmshaven, na gesi iliyokuja sehemu kubwa ni ya hao hao Wamarekani. Miaka minane imechelewa, na mnunuzi amelipa bei kali, siyo msaada.

Na Urusi hawezi kuichukua ile gesi akampelekea Mchina kesho asubuhi, visima vya Siberia ya magharibi vimeunganishwa na Ulaya, bomba la China linatoka visima vingine kabisa mashariki huko. Bomba ukilifukia limefukiwa, wa huku na wa kule mmefungana wote.

Kichekesho ni kwamba wakati wote wa vita gesi ya Urusi iliendelea kupita NDANI ya Ukraine kwenda Ulaya na Urusi inalipa ada ya kupitisha, mpaka mkataba ulipoisha Januari 1, 2025. Watu wanapigana juu na chini ya ardhi biashara inatembea.

Mtoa mada uliuliza kurudisha ardhi kwa nishati. Hata Crimea yenyewe ilijaribiwa. Umeme wao mwingi ulikuwa unatoka Ukraine bara, Novemba 2015 nguzo zikalipuliwa mkoani Kherson na watu kama milioni mbili wakabaki gizani. Urusi walichofanya ni kutandika nyaya chini ya bahari kutoka ng'ambo ya Kerch, Desemba hiyo hiyo umeme ukaanza kuingia. Sisi tuliolelewa na majenereta ya dizeli hapa Kigoma kabla gridi haijatufikia tunajua giza linavyoudhi, ila halimfanyi mtu abadilishe bendera.

Gesi Siyo Maji

Binti Gungu umeandika vizuri mno. Naongeza tu kwamba ndiyo maana mimi siipendi lugha ya "silaha ya gesi". Ukiitishia inauma, ukishaitumia imeanza kuisha.

Fundi Nzega (Tabora)

Nimepita kimya muda mrefu ila swali la pili mmelikimbia wote, na mimi ndiyo la kwangu, maana yale mabomba tunayaona kwa macho pale Sojo yanapovalishwa koti la kuzuia joto lisipotee.

Mkuu wa Cheyo, EACOP, yaani hilo bomba la Hoima-Tanga, ni kilometa 1,443, Tanzania zipo 1,147. Wenye hisa TotalEnergies 62%, TPDC (shirika letu la mafuta) 15, UNOC ya Uganda 15, CNOOC ya China 8. Kwa hiyo ni bomba letu kwa asilimia 15, lililobaki ni wageni wenye mawakili na mikataba iliyosainiwa na serikali zote mbili. Sisi tunakula ada ya kupitisha, ajira, kodi. Ukifunga koki unajifungia na mwenyewe.

Halafu mafuta ya Hoima siyo kama dizeli ya sheli, yana nta nyingi, bila kupashwa moto yanaganda kama mawese asubuhi ya baridi, ndiyo maana bomba lote linapashwa liwe juu ya nyuzi 50 njia nzima. Huwezi ukaamka na hasira ukalizima wiki mbili ukaliwasha tena ukadhani yatatiririka tu. Kulizima ni shughuli ya wahandisi siyo ya mkutano wa hadhara.

Na fikiria Waganda walivyofika kwetu. Walikuwa wanaongea na Kenya, njia ya Lokichar mpaka Lamu, 2016 wakaamua Tanga. Sababu zilikuwa nyingi, gharama, usalama, ardhi, ila kubwa ni kwamba walituamini. Siku ukiminya mara moja tu hata kwa haki yako, huyo wa Lindi anayetakiwa kuweka makumi ya mabilioni ya dola kwenye mtambo wa LNG, na mpaka sasa anasuasua kusaini, ataenda kusaini kwingine. Msumbiji wapo hapo jirani na gesi ile ile.

Mwanga Sokoni

Na Malawi je? Wale wanaosema Ziwa Nyasa lote upande wa kaskazini ni lao. Mafuta yao si yanapita Dar? Tuwaminye hao 😂

Fundi Nzega

Baadhi yanapita Dar. Mengine Beira na Nacala. Ukiwafungia Dar unamjazia Msumbiji biashara ya malori na madereva wetu wa Mbeya wanakaa nyumbani, mstari wa ziwa unabaki pale pale Wajerumani na Waingereza walipouacha.

Mwana Kibirizi

Na hao wa Mbeya watakuwa wa kwanza kubeba madumu usiku, nakuhakikishia.

Mkazi wa Cheyo

Nimeprinti hizi za Mzee wa Reli na Binti Gungu, jioni napeleka kijiweni. Mzee, ile ya makuli wa Mombasa kugoma, serikali ya Kenya ndiyo iliwatuma au walijiamulia wenyewe? Maana najua huyo jamaa hilo ndilo swali lake la kwanza.